Namna Nilivyotengeneza Taa ya Hatari ya Gengi Letu

(Maneno haya yalisomwa na mwanachama wa gengi la njia katika mkutano wa tawi. Yamechapwa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Mimi si mwalimu wala si fundi wa umeme. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na baada ya hapo elimu yangu imekuwa ni sururu, koleo na mataruma. Katibu ameniomba niseme juu ya kitu hiki kilicho hapa mezani, ambacho nasikia wengine huko nyuma wanakiita jeneza la nyoka. Si jeneza. Ni taa ya kuonya, ya kufungwa juu ya gari. Katika gengi letu tunaiita boriti, kwa kuwa ni ndefu na hulala juu ya paa. Nitasema namna nilivyoitengeneza, na makosa niliyoyafanya, maana makosa ndiyo yaliyonifundisha.

Kwanza niwakumbushe kwa nini niliianza. Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, tuliitwa saa tano ya usiku kwenda mahali ambapo barabara hukata reli. Maji yalikuwa yamechukua kokoto chini ya mataruma. Tulikwenda kwa pikapu ya kukodi. Dereva akaiegesha kando, nusu juu ya lami na nusu katika matope, akawasha taa zake za hatari, ambazo ya upande mmoja ilikuwa imekufa. Tukakata matawi tukayatandaza barabarani nyuma ya gari, kama ilivyo desturi ya nchi yetu gari likiharibika. Mwenzetu mmoja alikuwa nyuma akishusha jeki. Likaja lori. Liligonga pembe ya pikapu, na pikapu ikamgonga mwenzetu, mguu ukavunjika mahali pawili. Yu hai, na leo yumo humu ndani, amekaa karibu na dirisha kwa sababu pale pana nafasi ya kunyoosha mguu.

Dereva wa lori hakukimbia. Alisimama akatusaidia kumbeba. Nami nilimwuliza, nikiwa na hasira, kama hakuona taa. Akanijibu hivi: "Niliiona. Niliona taa moja inawaka na kuzima, nikadhani ni bodaboda imesimama, nikaipisha kidogo."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinikosesha usingizi. Yule mtu hakuwa mlevi wala hakuwa amelala. Aliona taa, lakini taa haikumwambia kwamba mbele yake kuna gari zima na watu saba. Basi nikasema moyoni, nitatengeneza taa itakayosema jambo hilo.

Kazi ya namna hii sikuwa nimeifanya kabla. Nilichokijua ni kutengeneza redio na taa za sola za majirani katika landi. Nilipopata siku ya mapumziko nilikwenda Nairobi. Luthuli Avenue nikanunua vipande vya taa vile vidogo viitwavyo LED, na mtambo mdogo wa kuwasha na kuzima. Kirinyaga Road nikapata vishikio vya kufunga mzigo juu ya paa la gari. Sanduku lenyewe ni alumini, mabaki ya fundi wa madirisha, urefu wake sentimita 120, na kifuniko ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Nilitaka iwe ni kitu cha kufunga na kufungua, kwa sababu sisi hupanda pikapu ya huyu leo na ya yule kesho, na huwezi kutoboa paa la gari la watu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa rangi. Nilinunua nyekundu na buluu. Kusema kweli nilizinunua kwa sababu zilikuwa kali machoni na zilinifanya nijione mtu mkubwa. Nilipomwonyesha mzee mmoja jirani yetu, mstaafu aliyefanya kazi ya ishara kwa miaka mingi, hakusifu hata kidogo. Aliniuliza: "Mwanangu, kwenye reli nyekundu ni nini?" Nikasema ni simama. Akasema: "Basi ukiiwasha hatua kumi kutoka kwenye njia, dereva wa gari moshi atafanya nini? Na akizoea kuiona kila wiki bila sababu, siku ya sababu yenyewe atafanya nini?"

Nilinyamaza. Kisha mzee akanieleza kwamba habari ya rangi katika reli imeandikwa kwa damu. Zamani huko Uingereza taa nyeupe ndiyo iliyokuwa ishara ya njia salama. Mwezi wa Januari mwaka 1876, mahali paitwapo Abbots Ripton, theluji iliganda juu ya mikono ya ishara, ikabaki ikionyesha njia salama wakati haikuwa salama, na magari moshi yakagongana. Baada ya ajali ile ishara ziliangaliwa upya, na baadaye ile taa nyeupe ikaachwa na kijani ikawekwa mahali pake, kwa sababu nyeupe ni taa ya kila mtu, hata ya mama anayepika nyumbani kwake. Rangi moja iwe na neno moja tu, ndivyo alivyosema mzee.

Na buluu je? Buluu na nyekundu zinazomweka juu ya gari watu wamezoea kuwa ni za polisi, zima moto na magari ya wagonjwa. Mtu wa kawaida akizifunga juu ya pikapu anajitafutia kesi. Kwa hiyo nilirudi dukani na vipande vyangu, mwenye duka akakataa kuvipokea, nikanunua vingine vya rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa maana yake ni jihadhari, hapa kuna kazi. Haimwamrishi mtu kusimama, wala haidai kupishwa. Vijana wawili wa gengi letu walisikitika sana, maana walikuwa wamekwisha panga kuipita foleni ya magari kwa taa yangu. Nikawaambia, na ninawaambia tena hapa: boriti hii huwashwa gari likiwa limesimama kazini. Gari likiondoka, imezimwa.

Uzuri wa LED ni kwamba rangi hutoka ndani yake yenyewe. Ile taa ya zamani ya kuzunguka ilikuwa na balbu nyeupe ndani ya kifuniko cha rangi, na kifuniko kile kilikula sehemu kubwa ya mwanga. Tena ilikuwa na mota ya kuzungusha kioo, na mota huchoka.

Sasa nije kwenye umeme, na hapa nataka mnisikilize vizuri wale mnaopenda kujaribu vitu nyumbani.

Boriti ina vipande 16, kila kimoja wati 3. Zidisha, ni wati 48. Gawanya kwa volti 12 za betri, ni ampea 4. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi na mimi niliijua. Lakini sikuijua hesabu ya waya. Nilichukua waya mwembamba wa kengele niliokuwa nao nyumbani, mita tano kwenda na mita tano kurudi, nikauunga kwenye betri moja kwa moja. Taa zikawaka, lakini hafifu. Nikapima kwa mita ya umeme: kwenye betri volti 12 na zaidi, juu kwenye boriti hazikufika 10. Nyingine zilipotea njiani. Nikaushika waya, nikakuta una joto. Huko ndiko volti zangu zilikokwenda, zilikuwa zikipasha moto waya badala ya kutoa mwanga.

Mtu mwenye akili angaliacha hapo. Mimi nilisema nitabadilisha kesho. Jioni ile ile, nyapara wetu alipokuja kutazama, waya ulikuwa umepita juu ya ukingo wa chuma wa mlango wa gari, na tulipofunga mlango ngozi ya waya ikakatika. Shaba ikagusa chuma. Waya wote uliungua kutoka upande mmoja mpaka wa pili kama utambi, na moshi ukajaa ndani ya pikapu. Nyapara alivua koti lake, akazungushia mkono, akachomoa kibanio cha betri. Kiti kiliungua mstari mweusi ambao nimeulipia kwa mwenye gari. Kama ingalikuwa pikapu ya petroli inayovuja, tungalikuwa tunasema mengine leo.

Nilichokosa ni kitu cha shilingi chache: fyuzi. Na si fyuzi mahali po pote. Nilidhani fyuzi ni ya kulinda taa, kwa hiyo ningaliiweka juu karibu na taa. Sivyo. Fyuzi ni ya kulinda waya, nayo hukaa karibu na betri kadiri iwezekanavyo, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Sasa nimeweka ya ampea 7 na nusu, karibu kabisa na kibanio cha betri. Waya ni wa milimita za mraba moja na nusu, na kila unapopita kwenye chuma umevikwa mpira. Nilipopima mara ya pili, volti zilizopotea njiani hazikufika hata nusu volti.

Jambo jingine la faida kwetu ni betri. Taa mbili za zamani za wati 55 kila moja zingetaka ampea 9, na kwa kazi ya saa nane betri ya pikapu ingekufa, mkasukuma gari alfajiri. Hii yangu huwaka nusu ya wakati na kuzima nusu, kwa hiyo ni kama ampea 2 kila saa. Saa nane ni 16. Betri ya 60, kama ni nzima, itawasha injini asubuhi bila taabu.

Juu ya maji nitasema kidogo tu. Niliziba sanduku lote kwa gundi ya silikoni nikafikiri nimemaliza. Baada ya wiki moja ndani palikuwa na ukungu na matone. Hewa ya mchana hupanuka, ya usiku husinyaa, nayo huvuta unyevu po pote penye nafasi. Sasa kuna matundu mawili madogo chini, ya kupumua na kutoa maji. Vipande vya LED vimekazwa juu ya alumini yenyewe ili joto lipate pa kukimbilia, maana LED ikichemka hufa mapema.

Ndugu zangu, hayo yote ni ya ufundi. Ninalotaka mwende nalo nyumbani ni habari ya majaribio tuliyoyafanya.

Nilipomaliza nilikuwa na furaha kama mtoto. Mtambo wa kuwasha na kuzima niliuweka upesi sana, taa zikawa zinatetemeka kama cherehani. Majirani waliotazama wakaanza kulalamika kichwa kinauma. Nikatafuta habari, nikasoma kwamba mwanga unaomweka kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde moja huweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, na hatari huzidi kadiri kasi inavyopanda kuelekea mara ishirini hivi. Nikasoma tena kwamba kanuni ya Umoja wa Mataifa ya taa za kuonya za magari, kanuni ya 65, inataka mara 2 mpaka 4 kwa sekunde. Nikachagua 2. Basi upande wa kulia huwaka, unazima, halafu wa kushoto. Hiyo ndiyo dawa ya maneno ya yule dereva wa lori. Taa moja katikati yaweza kuwa bodaboda. Taa mbili zinazopokezana, zilizoachana sentimita 120, zinamwambia mtu kwamba kitu kilicho mbele yake ni kipana.

Usiku huo tukaenda uwanjani. Nikamwomba nyapara asimame nyuma ya pikapu kama mtu anayeshusha jeki, sisi wengine tukaenda mbali, hatua mia mbili. Nikawasha. Taa ilionekana vizuri sana! Watu wakapiga makofi. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza, "Na nyapara yuko wapi?"

Hatukumwona. Alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwenye taa, amevaa koti lake jeusi la mvua, akipunga mikono. Macho yetu yalikuwa yamejaa mwanga mpaka kila kilicho kando ya taa kikawa giza. Tulikwenda mbele polepole, hatua mia na hamsini, mia moja, bado hatumwoni. Tulianza kuona miguu yake tulipokuwa karibu hatua sitini, na hapo dereva wa lori lenye mzigo hawezi tena kufanya kitu.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Miezi mitatu nilikuwa nimefanya kazi kwa mikono yangu na fedha zangu, na nilichokuwa nimekitengeneza ni pazia la kuficha watu.

Hapo ndipo nilipoongeza swichi hii ya pili, hii yenye rangi nyeupe. Ni ya usiku. Hupunguza mwanga, kwa maana taa inayofaa mchana wa jua kali ni kali mno gizani. Nikaongeza pia taa mbili ndogo nyeupe chini ya boriti, zisizomweka, zinazotazama chini tu, kumulika mahali watu wanaposimama na zisimpige dereva machoni. Tukarudia jaribio. Nyapara kwa koti lake jeusi tulimwona sasa kwa hatua kama mia na ishirini. Alipovaa kizibao chenye mistari ya kuakisi, tulimwona kutoka mwisho wa uwanja, kwa sababu taa za gari tulilokuwa tumeliweka huko zilimrudia. Kizibao kile, ambacho hakina waya wala betri, kilifanya kazi kuliko boriti yangu yote. Nasema hivyo bila aibu.

Kwa hiyo boriti haiondoi kitu cho chote cha zamani. Pembetatu za kuakisi ziwekwe mbali nyuma ya gari. Vizibao vivaliwe. Na mlinzi wa kutazama gari moshi asimame mahali pake, asiambiwe aje kushika koleo kwa sababu sasa kuna taa. Taa haitazami. Haiwezi kupiga filimbi.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nafika kwenye jambo ambalo limeleta ubishi katika gengi letu, na nadhani litaleta ubishi humu. Wenzetu wa magengi mengine wameniomba niwatengenezee boriti kama hii, kila gengi lichange fedha zake. Nimejibu kwamba nitamfundisha mtu ye yote anayetaka kujifunza, Jumapili baada ya ibada, bure. Lakini kuchangishana ili kila gengi lijinunulie usalama wake, hapana, sikubali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema ulinzi wa mfanya kazi mahali pa kazi ni juu ya mwenye kazi. Inasema vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri. Inasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ndani yake wawemo watu wa upande wetu. Inasema pia mfanya kazi akiona hatari iliyo karibu amwambie msimamizi wake, na asirudishwe mahali pale mpaka hatari iondolewe. Tukianza kuchanga, siku moja mtu atavunjika mguu tena, na swali la kwanza litakuwa: taa yenu ilikuwa wapi, na ni nani aliyeitengeneza? Mtaniita mimi, mtu wa darasa la nane, nieleze fyuzi mbele ya hakimu.

Wapo wanaonipinga, na sababu yao si mbaya. Wanasema mvua haingojei kamati. Barua yaweza kukaa juu ya meza mwaka mzima, na usiku wa leo kuna gengi liko barabarani na matawi. Ni kweli, nami sina jibu zuri la neno hilo, ila hili ninaloliomba. Boriti hii moja nimeitoa kwa tawi. Naomba wajumbe wetu wa kamati ya usalama waichukue, pamoja na karatasi hii yenye hesabu zote na vipimo vya hatua tulivyovipata, waiweke mbele ya wakubwa, waseme: kitu tunachotaka ni cha namna hii, kilichotengenezwa na fundi mwenye cheti na kupimwa, kimoja kwa kila gengi, pamoja na vizibao na pembetatu. Na mpaka jibu lije, gengi lenye kazi ya usiku kando ya barabara liazime hii kwa Katibu, liandike jina daftarini, liirudishe asubuhi. Naomba mkutano upige kura juu ya hilo kabla hatujatawanyika.

Baada ya chai, saa moja na nusu, tutaiwasha kule nje. Pikapu imekwisha kuja. Nataka watu wawili wasimame nyuma yake, mmoja mwenye kizibao na mmoja asiye nacho, na wengine wote twende mpaka kwenye ule mwarobaini, ambao ni hatua mia mbili, nimezihesabu mchana. Tutaanza na swichi ya mchana ili mwone wenyewe kosa langu, kisha ya usiku. Mwenzetu wa dirishani ameomba akae ndani ya gari, ashike swichi yeye.